Besi haimezwi na sponji: niliyowaambia mafundi sauti na wenye studio

Shikamooni wakubwa zangu mlioko humu ndani, na nyie vijana habari za mchana. Naona wenye studio mmekaa huku, mafundi wa vyombo vya kanisani mko kule nyuma, na ndugu zetu wa kumbi za harusi nao wamekuja, asanteni sana. Nimepewa muda mfupi na ninachotaka kuwaambia ni kimoja tu, kwamba besi huiwezi kwa unene, huiwezi kwa kujaza chumba magodoro, besi unaimeza kwa kuipa kitu kidogo kinachocheza nayo mpaka ichoke.

Naanzia barabarani. Wengi wenu mmeshapita njia ya Chalinze, sasa siku ukipita tena angalia zile laini kubwa za umeme zinazobebwa na minara ya chuma, angalia pale karibu na waya unaposhikwa na mnara, utaona kuna kitu kimening'inia kama dambeli ndogo ya mazoezi, vichwa viwili vya chuma vimeunganishwa na kipande kifupi cha waya uliosokotwa. Kwa miaka mingi nilidhani ni uzito wa kukaza waya, na nimeshakutana na watu wengi wanaodhani hivyo hivyo. Kumbe ile ni dawa ya mtetemo. Upepo mtulivu tu, wa mita 3 kwa sekunde, ukipita kwenye waya wenye unene wa sentimita 2 na nusu unajikunja kwa nyuma, unatupa kizunguzungu kimoja juu, kingine chini, juu, chini, kama mara 24 kwa sekunde, na waya nao unaanza kutetemeka kwa mwendo huo huo. Kwa macho huoni kitu. Ila ukitetemeka hivyo usiku kucha, mwezi, mwaka, nyuzi za aluminiamu zinachoka na kukatika pale pale kwenye kishikio. Miaka ya 1920 huko Marekani mhandisi mmoja wa kampuni ya umeme ya Southern California Edison, George Stockbridge, ndo akaja na hiyo dambeli na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kilo chache tu. Waya mkubwa ukitikisika dambeli nayo inatikisika, kile kipande kilichosokotwa kinajipinda, nyuzi zake zinasuguana zenyewe kwa zenyewe, na msuguano ule unageuza mtetemo kuwa joto kidogo sana ambalo linapotea hewani. Mamia ya mita za waya mzito zinatulizwa na kitu unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja.

Shikeni mambo mawili hapo, kitu kidogo kinachocheza kwa mwendo ule ule wa tatizo, na ndani yake kuna msuguano. Kikikosa kimojawapo hamna kitu, na nitarudi hapo kwenye msuguano kwa sababu ndo palinipotezea wiki nzima.

Studio yangu ya kwanza ilikuwa chumba cha mita 3 na nusu kwenda mbele, kuta za tofali zimepigwa plasta, juu zege. Nilikusanya trei za mayai kwa wauza chipsi, zaidi ya mia tatu, nikabandika ukuta mzima mpaka dari, na juu ya trei nikaongeza sponji. Ukiongea mle ndani sauti ilikuwa kavu mpaka raha, nikaamini nimemaliza kazi. Sasa nyimbo zikawa zinatoka, mteja anaipeleka kwenye gari ya mjomba wake anarudi analalamika, bro besi inafunika kila kitu, maneno hayasikiki. Narudia mikisi, mle studio naisikia besi iko sawa kabisa, hata pungufu naona niongeze kidogo, akienda kwenye gari ni matope. Mara tatu. Kijana yule hakurudi tena, na iliniuma kwa sababu wimbo wake ulikuwa mzuri na pesa ya kurekodi aliipata kwa shida.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja aliyepiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi, alikuja kurekodi kitu chake. Akakaa kwenye kiti changu katikati ya chumba, akapiga nota moja moja, akanyamaza, akaniambia mwanangu, hapa sol inakufa. Nikamwambia mzee mbona mi naisikia. Akasema njoo, akawa anapiga nota ile ile tu, ule waya mnene, nafasi ya tatu kwenye shingo ya gitaa, huku ananiambia tembea taratibu kuelekea ukutani. Jamani. Katikati ya chumba nota haipo kabisa, unavyosogea ukutani inapanda, inapanda, ukifika kwenye kona inakupiga kifuani. Nota moja, kidole kimoja, mkono ule ule, ila chumba ndo kinaamua utasikia nini.

Hesabu yake sio ngumu. Joto letu la Dar, nyuzi 30, sauti inatembea karibu mita 350 kwa sekunde. Nota ile ya sol ni hezi 49, yaani inatetemeka mara 49 kwa sekunde, tuseme 50, gawanya 350 kwa 50 unapata mita 7, huo ndo urefu wa wimbi lake. Chumba changu mita 3 na nusu, nusu ya 7 kamili, yaani wimbi linaingia mle linatosha kama kisu kwenye ala yake, linagonga ukuta huu linarudi linagonga ule, linajijenga, presha inakuwa kubwa kwenye kuta mbili na katikati inakuwa sifuri. Na kiti changu kilikuwa wapi? Katikati. Kwa hiyo nilikuwa naongeza besi ambayo masikio yangu hayaisikii, halafu watu wa nje ndo wanaipata yote.

Na trei zile zilikuwa zinafanya nini? Kwa besi, hakuna. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu watu wanaendelea kupoteza pesa. Sponji, pamba ya kioo, mapazia mazito, vyote vinakula sauti kwa njia moja, hewa inapita kwenye vijitundu vyake inasuguana. Lazima hewa itembee. Sasa pale ukutani hewa haiwezi kutembea, ukuta umeizuia, presha ndo iko juu lakini mwendo ni sifuri. Kwa sauti nyembamba haina shida kwa sababu wimbi lake ni fupi, sentimita chache tu kutoka ukutani tayari hewa inakimbia na sponji inaidaka. Kwa hezi 50 hewa inakimbia kwa nguvu ukiwa robo ya wimbi kutoka ukutani, na robo ya mita 7 ni mita moja na sentimita 75. Nani ana chumba cha kutoa karibu mita mbili kila ukuta? Ile sponji ya pembetatu wanayokuuzia uweke kwenye kona wakiiita mtego wa besi, pima unene wake, halafu fanya hii hesabu mwenyewe kabla hujatoa hela. Na kibaya zaidi sponji inakula sauti za juu zote inaacha besi peke yake, kwa hiyo chumba kinakuwa na matope kuliko kilivyokuwa mwanzo. Chumba changu na trei zake kilikuwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo kama pale ukutani hewa haitembei ila presha iko juu, tunatafuta kitu kinachokula presha. Na hicho kitu mnakijua tangu utotoni. Chukua chupa tupu ya soda, puliza kwa juu pembeni ya mdomo, inalia vuuu. Ongeza maji kidogo, sauti inapanda. Hewa iliyopo shingoni ni kama jiwe, ina uzito wake, na hewa ya tumboni ni kama springi, ukiibonyeza inarudisha. Jiwe juu ya springi, lazima licheze kwa mwendo mmoja linaoupenda. Tumbo likiwa kubwa mwendo unashuka, shingo ikiwa ndefu unashuka, mdomo ukiwa mpana unapanda. Mjerumani Hermann von Helmholtz ndo aliyeichambua vizuri karne ya 19, alikuwa na matufe ya shaba ya ukubwa tofauti, analiweka tufe sikioni anasikia nota moja tu kati ya nota zote zinazopigwa, na kitabu chake alikitoa 1863. Ila vyombo vyenyewe ni vya zamani kuliko yeye. Mrumi Vitruvius aliandika habari za vyombo vya shaba vilivyowekwa kwenye kumbi za maonyesho, makanisa ya kale ya Ulaya yana vyungu vimejengewa ndani ya kuta na midomo imetazama ndani, na kwenye kuba la msikiti wa Süleymaniye kule Istanbul, aliojenga Sinan karne ya 16, kuna vyungu vile vile. Chungu cha udongo ndani ya ukuta! Mi hiyo habari kila nikiikumbuka nafurahi, kwa sababu sisi vyungu na mitungi tunayo.

Haya, sasa boksi hili hapa mbele, ni chupa ile ile imefanywa kubwa. Ndani ni sentimita 40 kwa 50 kwa 30, ambayo ni lita 60. Nimetumia plaiwudi ya milimita 18, kona zote zimezibwa na silikoni, na hapo usifanye uvivu, ikivuja hewa hata kidogo springi imekufa. Mbele kuna tundu la bomba la PVC la inchi 4, lile lile la maji machafu, limeingia ndani sentimita 10. Kwa vipimo hivyo linaimba kwenye hezi 50 au jirani kabisa na hapo. Ukilivuta bomba likawa refu inashuka, ukilikata inapanda, kwa hiyo anza na refu, kata kidogo kidogo, maana bomba lililokatwa halirudi. Kina cha boksi ni sentimita 30 na mbao zake, linganisha na ile mita 1 na 75. Na kwenye hesabu, mdomo huu ukiwa umelingana na uso wa ukuta, kwa nota yake ile moja unaweza kumeza sauti sawa na dirisha lililo wazi la karibu mita 8 za mraba. Tundu la inchi 4. Nimesema kwenye hesabu, kwenye chumba chako kidogo mambo hayawi safi hivyo, lakini hiyo inakuonyesha kwa nini kitu kidogo kinaweza kushika wimbi la mita 7, wimbi halimezwi na ukubwa wa chombo, linavutwa na mwendo wake.

Unaliweka wapi? Pale presha ilipo juu, karibu na ukuta wa mwisho au kwenye kona. Yaani sehemu ile ile ambayo sponji haina kazi.

Sasa ile wiki niliyopoteza. Nilipotengeneza la kwanza nilifurahi, nikalitega, nota ya 50 kweli ikatulia. Halafu nikasikia kitu kipya, zimeibuka mbili pembeni, moja chini kidogo ya 50 na nyingine juu kidogo, na boksi lenyewe ukizima muziki linaendelea kulia uuu kwa mbali. Nikabomoa nikajenga upya, nikadhani nimekosea vipimo. Vipimo vilikuwa sawa, kilichokosekana ni msuguano. Boksi lisilo na msuguano linadaka nguvu, linaiweka, halafu linairudisha chumbani, na chumba na boksi wanakuwa kama watoto wawili kwenye bembea wanasukumana. Ile dambeli ya waya wa umeme ina nyuzi zinazosuguana, boksi langu halikuwa na kitu. Dawa yake ni kitambaa chepesi mdomoni mwa bomba, kile kinachopitisha pumzi kirahisi, kimoja, ukisikiliza bado linalia weka cha pili. Kikizidi sana boksi linakuwa ukuta tu. Ni sikio na subira, sina fomula ya kukupa inayozidi hiyo. Mwisho kabisa nilikaa na maboksi manne kwenye kona za nyuma, na kiti nikakitoa katikati. Hilo la kiti halikunigharimu hata senti.

Kuna njia nyingine ya ubao, plaiwudi nyembamba mbele ya nafasi iliyofungwa, nyuma yake pamba ya kioo haigusi ubao. Ubao ndo jiwe, hewa ya nyuma ndo springi. Plaiwudi yenye uzito wa kilo 3.6 kwa mita ya mraba ikiwa na nafasi ya sentimita 20 nyuma yake inakula maeneo ya hezi 70. Inameza nota nyingi zaidi kidogo kuliko boksi, ila ni nyeti, ukipigilia misumari vibaya inabadilika. Na hapo mtaelewa kwa nini wale wa kanisani mlipokuwa kwenye banda la mbao na dari ya jipsamu mahubiri yalisikika, mkahamia jengo zuri la tofali na zege besi ikaanza kuvuma. Banda lenyewe lilikuwa linacheza, lilikuwa linakula besi na nyingine inatoka nje. Zege halichezi. Kwa hiyo mnaojenga sasa hivi, fikirieni hilo kabla plasta haijapigwa, kuta za nyuma na chini ya jukwaa ni sehemu nzuri sana za kujengea matumbo ya namna hii.

Wenye magari nao niwaambie kidogo. Ukifungua boneti unaona kwenye njia ya hewa inayokwenda kwenye chujio kuna kiboksi cha plastiki kimejitokeza pembeni, kimezibwa, hakiendi popote, na fundi anakwambia hiki hakina kazi tukitoe. Ni chungu kile. Kimetegwa kumeza mvumo wa injini kwenye mwendo fulani. Na puli ya krenki ina pete ya mpira katikati, chuma cha nje kinacheza juu ya mpira, kinakula msokoto unaotetemesha krenki, ni dambeli ile ile ya nguzoni imefanywa ya mviringo. Mpira ukichanika badilisha, usichomelee.

Na dunia haijasimama kwenye maboksi. Mwaka 2000 watafiti wa Hong Kong, kundi la Ping Sheng, walitoa kazi yao ya vitufe vya madini ya risasi vilivyovalishwa mpira wa silikoni laini na kupangwa ndani ya gundi ngumu, jiwe na springi tena, ila ndogo na nyingi, na ikazuia mawimbi marefu kuliko kitu chenyewe mara nyingi sana. Halafu 2012 wakatoa ngozi nyembamba ya mpira iliyobandikwa vipande vya chuma, tabaka moja likameza asilimia 86 ya sauti kwenye hezi kama 170, mawili asilimia 99. Wimbi la mita mbili linamezwa na ngozi! Ila hata hizo kila moja ina nota zake, ukitaka kumeza nota nyingi unaweka nyingi za nota tofauti, na fizikia inakudai unene fulani, huwezi kuukwepa. Akija mtu na karatasi nyembamba anakwambia inakula besi yote kuanzia chini mpaka juu, mwambie aniletee mimi kwanza.

Neno moja la mwisho na hili ni kwa ajili ya majirani zetu. Kumeza na kuzuia ni vitu viwili. Maboksi haya yanasafisha sauti ndani ya chumba, hayamzuii mama mwenye mtoto mchanga nyumba ya pili asisikie ukumbi wako saa nane usiku. Kuzuia kunataka uzito, kuta mbili zisizogusana, mlango usio na upenyo. Na kama shida ni jenereta linatetemesha sakafu, hizi ndogo za petroli nyingi zinazunguka mara 3000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde, na mlipuko unakuja mara 25, liweke juu ya mpira lakini mpira unaobonyea. Jenereta likikaa juu yake mpira ukabonyea sentimita moja, mfumo wako unacheza mara kama 5 kwa sekunde, na 25 inakuta mlango umefungwa. Kipande cha tairi kigumu kisichobonyea hata kidogo hakizuii kitu, naviona kila mahali na roho inaniuma kwa sababu mwenyewe anaamini ameshamsaidia jirani.

Basi, nisiwachoshe. Kabla hujajenga chochote fanya kama yule mzee, piga nota moja ya chini irudie, tembea, sikia inapokufa na inapopiga. Simu ina apu za kutoa mlio, itoe kwenye spika kubwa, maiki ya simu usiiamini namba zake huko chini ila tofauti ya sehemu na sehemu inakuonyesha.

Sasa nitawasha mlio kuanzia hezi 40, nitapanda moja moja. Kitambaa nimekitoa bombani. Njooni wawili wawili, weka kiganja mbele ya mdomo wa bomba bila kuuziba, usiongee. Tukikaribia 50 utasikia upepo unakupiga kiganjani. Mama wa pale nyuma, karibu uanze wewe.